Kuku wa Sella na Maji ya Bati

Jumapili, 1 Juni 2025

Tangazo rasmi! Ukoo wote wa Shivachi, walio hai na waliotangulia, kuanzia Shinyalu hadi hapa Kawangware 46, unaarifiwa kwa masikitiko makubwa kwamba leo mchana firigisi imehama nyumba hii. Haikuugua. Ilichotwa kutoka kwa sufuria ikiwa na afya njema, ikawekwa kwa sahani ya jirani. Mimi mwenyewe nikiwa nimekaa pale pale. Mikono nimeshanawa!

Jirani ni Nicanor. Nicanor Osewe, mshonaji wa yunifomu za shule, mlango wa tatu kutoka kwetu. Alifiwa na mkewe zamani, hajaoa tena, na hilo nalo linanisumbua. Wametoka kanisani pamoja na Sella – wote wako kwaya, yeye anaimba besi – na Sella akasema hakuna haja mtu akale peke yake Jumapili. Sawa. Mimi si mchoyo. Kula paja. Kula bawa, kula yote mawili uruke nayo uende! Lakini imondo, firigisi yenyewe? Kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba. Marehemu mama angeweza kusahau chumvi, firigisi ya baba hangeisahau.

Nicanor hakujua hata amepewa nini. Aliitafuna kama kipande cha mkate huku akiongea. "Shem, hii kuku ni tamu," akamwambia Sella. Shem! Nikamtazama Sella. Sella akatazama ugali.

Nimemuuliza baadaye, kwa upole. "Baba Lavender, ni nyama tu," akasema. "Si ulisema jino linakuuma?" Jino lilikuwa la Pasaka!

Nimekula shingo.

Jumatano, 4 Juni

Hawa kuku ni wa Sella. Niandike hivyo nisijisahau. Mimi kutwa niko Laini Saba nagonga mabati – majiko, ndoo, masanduku ya watoto wa bweni – hata punje ya mahindi sijawahi kuwatupia kwa mapenzi. Yeye ndiye alianza na mitetea wachache nyuma ya ploti, alipochoka kufulia watu wa Nyayo Highrise. Amefua kule mpaka sabuni ikamla mikono. Vidole vilipasuka, akawa hawezi kufunga kifungo bila kusonya. Siku wauza mayai-pasua, yale ya kuchemsha, wa steji walipoanza kumngoja yeye na trei zake, alimwambia bosi wake harudi. Tangu hapo anatembea kama mtu aliyevua kiatu kilichombana.

Sasa leo. Nimerudi nikakuta Nicanor amepiga magoti mbele ya banda letu. Mbele ya mke wangu! Wanachanja kuku – tone moja kwa jicho. Yeye ameshika kichupa, Sella ameshika kuku, vichwa viwili karibu vigongane. Nicanor naye ana kuku, lakini wake wanaishi ghorofani, kwa kizimba cha mbao alichokitundika ukutani. Hawakanyagi chini kabisa. Mabwanyenye. Na Mjaluo na kuku, wapi na wapi? Si afuge samaki wake wa ngege ndani ya karai tupate amani!

"Ni ya kideri, jirani," akaniambia. "Baridi ikianza, hiyo kitu inafagia ploti mzima."

"Na nani alikuambia kuku wetu wanaumwa na macho?"

Sella akacheka mpaka akashika ukuta. Nicanor akacheka pia, lakini kwa adabu, akiangalia kando. Zamani nilikuwa namchekesha huyu mwanamke kwa kukusudia.

Kumbe mambo bado hayajaisha. Nicanor akaingia kwake akatoka na vyombo viwili vya maji vya kuku, vya plastiki, vyekundu, vipya. "Zawadi, shem. Hizi hazivuji." Sella akavipokea kwa mikono miwili.

Mke wa fundi wa mabati! Kuku wake wanywe kwa plastiki ya mwanamume mwingine! Wakisikia Laini Saba nitahamia Busia.

Jumamosi, 7 Juni

Leo sikwenda kazini. Nilibeba vipande vya bati, jiko, chuma cha kuunganishia na risasi ya kuyeyusha ya kuzibia viungo, nikafungua kiwanda hapo hapo mbele ya banda. Nicanor alikuwa mazoezi ya kwaya. Sella pia. (Sisemi kitu.)

Nimetengeneza chombo cha maji ambacho hata gavana hana. Kirefu kama mkono wangu, kina paa ili kuku wasikanyage maji, kina miguu minne, na ubavuni nimechora SELLA kwa msumari. Kuku walinizunguka muda wote, wananidonoadonoa viatuni, kama wanafunzi waliopata mwalimu mpya. Ni wao tu siku hizi wanaoona kazi yangu.

Zile plastiki nimezipandisha juu ya dari.

Sella aliporudi alikizunguka mara mbili. "Ni kizuri, Baba Lavender. Kwani zile zilikuwa na kosa gani?"

Nicanor naye alikuja kukagua. Akagonga bati kwa ukucha, akainama, akasoma lile jina. "Jirani, hii ni kazi ya mkono! Hii haipatikani dukani." Alimaanisha kabisa. Hakuna kitu nachukia kama mtu anayejua kusifu.

Maji hayapiti hata tone. Naandika hapa ili ijulikane.

Alhamisi, 19 Juni

Siku kadhaa sikuandika, hakukuwa na jambo. Leo lipo. Mtetea mmoja mwekundu amekufa. Jana jioni alikuwa anapigania majani ya sukuma na wenzake, asubuhi amelala ubavu, miguu imenyooka. Sella amemshika muda mrefu kama mtu anayepima uzito sokoni. Tumemfukia.

Kufa ni kufa. Hata watu wanalala wazima wasiamke.

Jumamosi, 21 Juni

Wengine wawili! Mmoja nilimwona kwa macho yangu. Alikuwa anatembea kama mlevi wa mwisho wa mwezi, mabawa yanaburuta, kinyesi kijani kibichi. Kisha akakaa. Kisha basi.

Sella ameosha banda lote kwa dawa ya choo. Amechoma majani aliyowatandikia. Amebadilisha chakula. Anaingia na kutoka na ndoo, na mimi nakosa pa kukaa.

Nicanor alikuja, mikono nyuma. "Shem, hii si kawaida. Twende na huyu mmoja kwa Wamuyu, ile agrovet ya dawa za mifugo huko juu, ampasue aone ndani."

Twende. Yeye na nani? Nikawaona kichwani mwangu wakitembea barabarani, kuku katikati yao ndani ya mfuko, wamehuzunika pamoja. Hapana! Nikasema kuku ameshaoza, nikamchukua nikamfukia mwenyewe. Hata hakuwa amepoa.

Na sasa nauliza kitu. Kuku wa Nicanor wako juu kule wanawika. Hakuna hata mmoja amekohoa. Nani alitia dawa kwa macho ya hawa wetu? Nauliza tu.

Jumatatu, 23 Juni

Mmoja tena.

Jioni nilimkuta Filister kwa mfereji. Filister anauza omena mlango wa pili na ukimpa neno moja jioni, asubuhi analirudisha limezaa. Aliniuliza kuku wanaendeleaje. Nikasema wanaendelea kufa.

"Na ni nini?"

"Mimi sisemi kitu, Filister. Nasema tu kabla ya ile dawa ya macho hawakuwa wanakufa."

"Aii! Na wake?"

"Wake wanaimba."

Akaweka ndoo chini. Nilipoona ameweka ndoo chini nilijua nimefanya kazi. Nikajisikia vizuri mpaka mlangoni kwangu.

Jumatano, 25 Juni

Watoto wa ploti wanamwita Nicanor Daktari Kaburi. Wanapita mbio mbele ya mlango wake wamefunika macho kwa mikono, ati wasitiliwe tone. Mara ya kwanza nilicheka. Ya pili sikucheka sana.

Mama mmoja alikuja kuchukua kitambaa cha yunifomu ya mtoto wake kabla hakijakatwa. Alisema amepata fundi karibu na kwake. Kwani kuna fundi wa karibu kuliko huyu? Nicanor alimkunjia kitambaa vizuri, akamrudishia na uzi wake.

Sella ameniuliza, "Hii maneno ya dawa imetoka wapi?"

"Watu wanaongea," nikasema.

"Watu gani?"

Nikaenda kuangalia kuku. Wawili wamesinzia, hawataki kula.

Ijumaa, 27 Juni

Nimerudi mapema. Sella alikuwa ndani anaongea na simu, mgongo kwangu. "Ndio, madam Joan. Ndio. Hata Jumatatu naweza. Hapana, mikono iko sawa siku hizi." Ni yule bosi wake wa Highrise.

Aliponiona hakustuka. "Mayai hata trei moja haijai," akasema. "Wanaotaga ndio wanaokufa. Nitafanya nini, Baba Lavender? Nikae niwahesabu mpaka waishe?"

Nikasema aningoje kidogo, nitafikiria kitu. Akaniangalia kwa huruma! Mimi!

Alikuwa anajipaka mafuta mikononi wakati wote tukiongea. Nadhani hata hakujua kuwa anajipaka.

Ni yule mtu na matone yake. Lazima iwe yeye.

Jumamosi, 28 Juni

Naandika mchana, mlango nimeufunga. Nimewaambia natafuta miwani. Miwani iko mfukoni mwa shati.

Asubuhi mtetea mweupe, yule mkubwa anayewaongoza wengine, hakuweza kusimama. Nicanor hakuniomba ruhusa safari hii. Alitoka, akarudi na Wamuyu mwenyewe, ameshavaa glavu. Tukasimama duara nyuma ya ploti – Sella, Nicanor, mimi, na Filister aliyekuja na kiti chake. Wamuyu akamchinja yule kuku, akamlaza juu ya gunia, akampasua. Akaangalia koo, akaangalia ini, akaangalia utumbo.

"Kideri si hii," akasema. "Aliyewachanja aliwachanja vizuri."

Sella akashusha pumzi. Akamtazama Nicanor na macho yakajaa machozi. Na mimi – niandike tu – habari njema ile ilinichoma! Hata wakati ule. Nilitaka iwe ni yeye.

Kisha akafika kwa firigisi. Akaikata katikati. Ndani kulikuwa na mchanga na mahindi, na katikati ya mchanga vitu vinang'aa. Vidogo kama punje za mtama, vimesagika pembe, laini. Akavisuuza kiganjani.

"Mmeona? Hii ndiyo imeua. Sijui ni chuma gani, lakini ikiwa ni risasi, hiyo ni sumu kamili. Kuku anameza akidhani ni changarawe, firigisi inaisaga polepole, inaingia kwa damu. Hawa wengine wakiendelea kuiokota hamtabaki na hata mmoja. Na mayai, mama, msile na usiuze kwanza. Tutafute inatoka wapi, ndio tujue kama hawa wataokoka."

Sella akakaa chini. Chini kabisa, kwa vumbi, na leso yake ya kanisani.

"Ni za cherehani!" Filister akasimama. "Hizo ni vyuma za cherehani! Si anashona hapo nje kila siku? Mwangalieni, anaficha miguu!"

Nicanor hakuwa anaficha miguu. Alikuwa ameinua kiatu anaangalia soli, kama kweli ni yeye. "Inawezekana," akasema. "Mashine yangu ni nzee, inamwaga vitu." Inawezekana! Mtu mzima huyu hajui hata kujitetea!

Sella akainuka, akachukua zile punje, akaja kwangu akafungua kiganja. "Baba Lavender, wewe ndiye unajua vyuma. Hii ni nini?"

Wote wakanigeukia. Walikuwa wananingoja kama mtaalamu.

Nikazichukua. Nikasema ngoja nitafute miwani.

Basi, ilikuwa hivi.

Kile chombo kinavuja. Kimevuja tangu siku ya kwanza. Niliandika hapa kwamba maji hayapiti hata tone, na nilijua ni uongo nikiandika. Nilikifanya kwa haraka nimalize kabla kwaya haijaachilia watu, na bati lilikuwa na kutu, risasi haikushika vizuri. Kesho yake asubuhi kulikuwa na dimbwi. Plastiki ya Nicanor haivuji. Ningesema nini?

Kwa hiyo kila Sella alipotoka kupeleka mayai steji, nilikuwa nachomoa chuma changu, nawasha jiko, nakiziba tena hapo hapo chini. Nikiziba huku, kinafunguka kule. Risasi ikadondoka, matone mengi, yanaanguka mchangani yanapoa yanang'aa kama shanga. Kule kwa wokshopu huwa tunaokota kila tone, ni mali. Hapa sikuokota. Nilikuwa naogopa Sella arudi anikute. Niliyasukuma kwa kiatu chini ya banda, nikachukua basi la kazini.

Na kuku waliyaokota. Niliwaona! Nilimwona yule mweupe akikimbia na moja mdomoni, wenzake wanamfukuza, na nilicheka. Nilisema, hata kuku wanajua kitu kizuri.

Sikujua ni sumu. Hilo ni kweli pia. Sisi kule tunaishika kwa mikono tunakulia chapati. Lakini tangu Wamuyu aseme neno risasi nimejua, na nimesimama hapo nje nikamwacha Filister amalize hotuba yake.

Sella ameita dirishani. "Baba Lavender, lete ile sumaku ya kuokotea misumari! Tupitishe chini tukusanye."

Nimeitoa kwa dirisha. Ni Nicanor aliyeipokea. "Asante, jirani."

Risasi haishikwi na sumaku. Ploti mzima hakuna anayejua hilo isipokuwa mimi.

Sasa ameburuta cherehani yake kando, amepiga magoti, anaipitisha sumaku chini yake pole pole, ameweka kaptula ya yunifomu chini ya magoti asichafue suruali. Nasikia vinavyoshika. Pini, sindano, vifungo vya chuma. Bila shaka vitashika – ni mshonaji! "Si mnaona! Si niliwaambia!" anasema Filister. Wamuyu anasema hizo si sawa na zile, Filister anasema chuma ni chuma. Nicanor anasema, "Pole, shem. Pole sana. Nitahamisha mashine, nitahamisha kila kitu."

Sella hajamjibu. Hata "si neno" hajasema. Huyu ambaye juzijuzi alimpa firigisi yangu, leo hana neno la kumpa, na hicho ndicho kitu nilichokiomba mwezi mzima.

Zile punje ziko hapa mezani. Nimezibonyeza kwa ukucha. Ukucha unaacha alama; ni risasi. Hakuna haja ya miwani.

Sella anasema jua limekuwa kali, wacha awape hao waliobaki maji. Amefungua mfereji. Nasikia maji yakiingia kwa bati – plastiki hailii hivyo – na kuku wameshaanza kukimbilia pale pale nilipodondosha risasi.

Natoka. Lazima nifike kabla yao.